Hakuna Aliyemuuliza Nukta

Nyumba ileile, ghorofa ya pili,
Mtaa wa nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumanne, tarehe 9 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko. Natumaini baridi haijakuzidi nguvu na mgongo umepoa, maana mara ya mwisho ulisema hata kufunga kamba za viatu imekuwa kazi ya watu wawili. Wifi naye anaendeleaje na kile kikohozi? Na watoto, bado wanajibu Kiswahili kwa kutikisa kichwa, au wameanza kulegea? Sisi huku hatujambo, ingawa hatujambo ya mwaka huu ina kilema chake.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi, yenye stempu, wakati simu zipo. Nimeandika kwa sababu hizo simu zipo. Simu yangu siku hizi si yangu, ni ya ukoo. Ikilia tu na jina lako likatokea, Baba Mdogo anasema, weka spika, weka spika, na kabla hujamaliza salamu sebule imejaa. Barua haina spika. Isome peke yako, ikibidi jifungie chooni.

Huku nyumbani mafundi walikuja wakaziba paa la jikoni, na sasa linavuja mahali pengine kabisa. Mimi bado niko kulekule kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Wametuletea mashine mpya ya kukaushia, ya kisasa, ina taa nyingi kuliko harusi. Ile kuukuu bado inarukaruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi, mpaka tumeikalisha kwa matofali. Mkuu wa chumba anasema itastaafu mwaka huu. Alisema hivyo na mwaka jana.

Basi, hizo ndizo habari za kutangulizia chai. Sasa nikuambie lililonikaa kooni, na nikianza sitaki kunyamaza katikati, kwa hiyo univumilie.

Ni habari za Nukta. Unakumbuka marehemu Baba alimpa jina hilo kwa sababu alisema baada yake haandiki tena. Wewe ulikuwa umeshaondoka nyumbani alipoanza darasa la kwanza, na nadhani kwako amebaki yuleyule mtoto wa kamasi aliyekuwa akikufuata mpaka kituo cha basi. Yule mtoto sasa ni mama wa watoto wawili, ana nywele nyeupe chache ambazo anazing'oa kwa siri, na alikuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi pale kiwandani. Wanaume wenye vifua walikuwa wanamsubiri yeye aseme mkate umeiva ndipo wafungue tanuri.

Alipojifungua mtoto wa pili, miguu ilivimba ikawa kama ya mtu mwingine. Akawa halali ila amekaa, ameegemea ukuta, anatafuta pumzi. Daktari wa moyo alimwonyesha kwenye kioo cha mashine jinsi moyo wake ulivyotanuka, akamwambia mbele ya mumewe kwamba asibebe tena mimba. Hakumwambia ajitahidi. Alimwambia moyo huo ukipewa kazi ile tena unaweza kusimama. Haya yote ulielezwa wakati ule, na ulisema pole, na ninaamini ulisikitika kweli.

Akawa anatumia sindano ya kuzuia mimba, hakosi tarehe. Mwaka huu sindano zikakosekana kliniki. Akaambiwa arudi, akarudi, akaambiwa tena arudi. Aliporudi ile mara ya mwisho wakampima kwanza, na wakakuta sindano haina kazi tena.

Madaktari hawakuzunguka. Walisema mimba itolewe mapema, ikiwa bado changa, kabla moyo haujaelemewa. Nesi wa mapokezi akaongeza kuwa aje na mume, aweke sahihi. Sasa shemeji yako dereva wa lori unamjua. Mtu mwema, hana makuu, lakini ukimuuliza chai yake iwe na sukari au bila sukari anasema yoyote mtakayopika. Alisema jambo zito kama hilo hawezi kulibeba bila wazee. Wazee wakasema hawawezi kulibeba bila wewe, kwa sababu ndiwe mkubwa na ndiwe uliyeshika nafasi ya Baba.

Hapa ndipo mambo yalipoanza kuharibika, Kaka, na nataka upaone vizuri. Jumapili ya kwanza iliyopangiwa kikao ulikuwa kazini. Iliyofuata ulikuwa na wageni. Nyingine Baba Mdogo alishikwa na mafua, akasema hawezi kuamua jambo la damu huku anapiga chafya. Sikulaumu kwa kazi wala kwa wageni. Lakini wakati ninyi mnatafutana, Nukta alikuwa anapanda ngazi za nyumba hii anasimama kila baada ya hatua chache, ameshika ukuta, anajifanya anatafuta funguo. Nilimwona kila jioni. Funguo zilikuwa mkononi.

Mwishowe kikao kikakaa. Wewe ulikisikia, hukukiona, kwa hiyo acha nikuonyeshe. Simu yangu iliegemezwa kwenye kopo la sukari katikati ya meza, ili sauti yako isikike mpaka dirishani. Baba Mdogo alikaa kiti cha Baba. Shangazi alikaa kwenye kochi na mguu wake mbovu juu ya kistuli. Shemeji alikaa karibu na mlango, kama mtu anayesubiri basi. Mimi nilikuwa kwenye kiti cha jikoni. Na Nukta, unajua desturi ya nyumba yetu tangu tukiwa wadogo, mdogo ndiye anayehudumia. Nukta alikuwa anazunguka na sinia, anamuuliza kila mtu sukari vijiko vingapi. Siku ile nzima hilo ndilo swali pekee lililopata jibu la maana, na aliyeliuliza ni yeye.

Shangazi alisimulia uzazi wake wote saba, mmoja baada ya mwingine, kwa ari ya mtangazaji wa mpira. Alisema na yeye aliambiwa atakufa kwenye wa nne, na tazama, amezika madaktari wawili. Baba Mdogo alisema mbegu ya ukoo haitupwi jalalani. Shemeji alisema yeye hana neno, anawasikiliza wazee.

Mimi nilisema daktari ameshazungumza na kilichobaki ni kumsikiliza mwenye moyo. Utakumbuka nilichojibiwa, maana hata wewe ulikuwa hewani. Shangazi aligeuka polepole akasema, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, mwanangu. Wewe ungetulia tu."

Watu wote wakatazama ndani ya vikombe vyao. Nilikusikia ukikohoa, basi. Kaka, unajua mimi na marehemu mume wangu tulivyozunguka hospitali miaka yote ile, na unajua tulirudi mikono mitupu. Ningeweza kuvumilia kama kanuni ingekuwa ya wote. Lakini Baba Mdogo sijui alijifungua lini, wala wewe sijui uliumwa uchungu wodi gani, na hakuna aliyewaambia mtulie.

Kisha ukazungumza. Sitakuongezea wala sitakupunguzia. Ulisema, "Sisi si watu wa kumwaga damu yetu wenyewe. Azae. Mungu aliyempa mimba ndiye atakayempa moyo."

Sauti yako ilitoka pale kwenye kopo la sukari nzito na tulivu, sauti ya Baba kabisa, na sebule nzima ikaitikia amina. Shemeji alijifuta uso kwa furaha ya mtu aliyetuliwa mzigo. Baba Mdogo akauliza kama kuna mwenye neno. Aliuliza huku anatazama simu. Nukta alikuwa nyuma yake, ameshika birika kwa mikono miwili, na hakusema kitu, kwa sababu katika nyumba yetu anayeshika birika haongei. Baba Mdogo akangoja kidogo, kisha akasema kimya ni kukubali, na kikao kikafungwa. Ulimuaga kila mmoja kwa cheo chake ukakata simu. Yeye hukumuaga. Hukuuliza hata kama yumo chumbani.

Hakuna aliyemuuliza, Kaka. Mimba yake, moyo wake, watoto wake wawili waliokuwa wanacheza chini ya meza ileile, na hakuna aliyegeuza shingo amuulize.

Sasa usije ukasema dada yako ameota mapembe kwa sababu anaosha shuka za hospitali na amezoea damu. Nitakuambia ninavyofikiri. Wewe unasema kilichokuwa tumboni kilikuwa uhai. Mimi sibishani nawe. Kilikuwa kitu, na Nukta mwenyewe hajawahi kusema hakikuwa kitu, wala sijamsikia akikitaja kwa dharau. Lakini na yeye ni uhai, na wale wawili wa chini ya meza ni uhai wanaomwita mama. Mtu akiambiwa apime haya, mizani inakaa mkononi mwake. Sisi tuliokaa kwenye makochi tulikuwa tunapima kwa macho, tena tukiwa mbali, na wengine tukiwa ng'ambo.

Na nikuambie na hili, ulijue. Ingekuwa ni mimi, nisingeitoa. Ningekufa nayo, na ningekufa nacheka. Usiku wa kikao sikupata usingizi, nilijaa wivu mpaka nikaona aibu. Nilitaka kumwendea Nukta nimwambie azae, anipe mimi, nitalea. Neno lilifika mdomoni asubuhi yake tulipokutana kwenye ngazi. Nikamwona ameegemea ukuta na midomo yake imepauka, nikalimeza. Nilikuwa nataka mtoto kwa bei ambayo si mimi ningeilipa.

Siku chache baadaye alinifuata kazini. Hajawahi kuja kule chini, analalamika harufu ya dawa. Alinikuta nakunja shuka za wodi ya wazazi, mashine zinanguruma, akakaa juu ya kikapu cha nguo chafu kama mtu aliyetumwa kufuliwa. Alisubiri mpaka mashine kuukuu ilipomaliza kuruka. Ndipo aliposema, "Dada, mimi nataka kuishi. Nisindikize."

Sikumuuliza kama amefikiri vizuri. Watu wanapenda sana kumuuliza mwanamke kama amefikiri vizuri, kana kwamba alikuwa ameshughulika na kusuka nywele. Na kulikuwa na jambo jingine lililonifanya nivue aproni palepale. Yule dada aliyekuwa akifagia wodi, niliyekusimulia kwamba anaimba vibaya lakini hachoki, mwaka jana alikatazwa na watu wake kutoa mimba, kama Nukta. Hakuwa na ugonjwa wa moyo, kwa hiyo hakuwa na daktari wa kumtetea. Alikwenda kwa mtu chumba cha uani. Shuka zake nilizifua mimi. Tuliziloweka mara kadhaa na hazikutakata, mwishowe zikachomwa. Yeye alikuwa ameshazikwa.

Nukta hakutaka kujificha kama mwizi. Alimpigia mumewe, aliyekuwa amekwishajitafutia safari ndefu ya mzigo, tangu kikao anakubali kila safari ambayo wenzake wanaikataa. Akamwambia anakwenda hospitali na anakwenda kufanya nini. Niliyasikia majibu yake, maana tulikuwa tumesimama sikio kwa sikio. Shemeji akasema, "Fanya unaloona. Mimi nitasema sikujua."

Kumbe hivyo ndivyo mtu anavyoweza kukubali na kukimbia kwa sentensi moja.

Hospitali tulipokelewa na daktari mwanamke, kijana, amevaa viatu vya mpira vyenye madoa ya rangi kana kwamba ametoka kupaka nyumba. Alisoma karatasi za moyo, akaweka kalamu chini, akamtazama Nukta akamuuliza, "Wewe unataka nini?"

Nukta aligeuka akanitazama mimi. Alidhani swali ni langu. Daktari akarudia, akimtaja kwa jina lake la shule, lile ambalo hakuna anayelitumia. Ndipo Nukta akajibu. Alijibu vizuri, bila kutetemeka, na machozi yakitiririka yenyewe tu. Alisema anajua anachokiacha. Alisema ana wawili wanaomngoja.

Tukamwambia daktari samahani, sahihi ya mume hatunayo. Akatushangaa. Alisema sahihi ya mume haihitajiki, haijawahi kuhitajika. Mgonjwa mwenyewe akiridhia, na madaktari wawili wakathibitisha hatari, basi. Nesi wa mapokezi alipoitwa akasema ni mazoea tu, huwa wanawaambia wote hivyo, ili baadaye kusiwe na maneno.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la korido. Nilicheka, Kaka, nilicheka mpaka mlinzi akaja kunitazama. Jumapili zote zile. Mafua ya Baba Mdogo, wageni wako, kopo la sukari. Tulikuwa tumekaa kikao kumpa Nukta ruhusa ambayo hakuna mtu duniani aliyekuwa ameiomba kwetu, halafu tukamnyima.

Lakini kuchelewa kule kulikuwa na gharama yake, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika kwangu kwa hasira. Alipokwenda mara ya kwanza ingekuwa kazi ndogo, angerudi nyumbani siku hiyohiyo. Tulipofika sisi, mimba ilikuwa imekua na moyo ulikuwa umekwisha kuelemewa. Walimlaza, wakamfunga mashine kifuani, na usiku mmoja moyo ulianza kwenda mrama, watu wakakimbia koridoni na mimi nikabanwa ukutani nimeshika viatu vyake. Walimrudisha. Daktari wa moyo amesema nguvu zilizopotea katika wiki zile huenda zisirudi. Kiwandani wamemtoa kwenye tanuri, wamempa kiti, anabandika karatasi kwenye pakiti za mikate. Ngazi za nyumba hii hazipandi tena bila mtu. Anaishi, ndiyo. Alitaka kuishi na anaishi. Lakini anaishi na nusu ya moyo aliokuwa nao, na ile nusu nyingine tuliimaliza sisi kwa kusubiriana.

Haya, sasa sikiliza tulivyo mafundi wa unafiki. Shemeji aliporudi safari, aliwaambia wazee mimba imetoka yenyewe. Alidhani anatusitiri sote. Wazee walifurahi, ingawa walivaa nyuso za msiba. Wakaja wote kutoa pole. Shangazi alimshika Nukta mkono, akamwambia Mungu ana mipango yake. Baba Mdogo alisema kilichoandikwa hakifutiki. Ujumbe wako wa sauti tuliuweka spika kama kawaida, ukisema pole sana mdogo wangu, sisi tulitaka uzae lakini Mwenyezi Mungu amepanga lingine, tumshukuru.

Safari hii birika nilikuwa nalo mimi. Nukta alikuwa amekaa kwenye kochi na blanketi miguuni, kwa mara ya kwanza anahudumiwa katika nyumba hii. Alisikiliza ujumbe wako mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayetaja bei ya mkate, "Haikutoka yenyewe. Niliitoa. Mniombee kwa nilichofanya, msiniombee kwa kingine."

Shemeji alitazama mlango. Shangazi aliondoa mkono wake, polepole, kidole kimoja kimoja. Hawakupiga kelele hata kidogo, na ningependa wangepiga. Waliinuka mmoja mmoja wakaaga kuta. Chai niliyowamiminia niliimwaga yote, vikombe vilikuwa bado vya moto.

Kama angekaa kimya, Kaka, leo angekuwa analetewa matunda na supu. Uongo ulikuwa umeshatandikwa kama kitanda, kazi yake ilikuwa kujilaza tu. Nilimuuliza baadaye kwa nini hakuuacha. Alinijibu kwamba jambo lile ndilo pekee aliloamua mwenyewe maisha yake yote, na hakuweza kukaa akimwona Mungu anasingiziwa.

Sasa wazee wameamua. Wanataka kikao kingine Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao, wewe ukiwa hewani. Nukta apige magoti aombe radhi ya ukoo. Akikataa, hataalikwa wala kutembelewa, na watoto wake watapelekwa kwa mama mkwe wake mpaka akili zimrudie. Shemeji ameulizwa, amesema yoyote mtakayoamua. Kwa hiyo unaona kilichopo mezani. Ni wale wawili. Alitoa mimba ili wale wawili wasikose mama, na sasa adhabu waliyomchagulia ni kuwanyang'anya mama.

Ujumbe wako wa juzi niliusikiliza peke yangu, kwenye chumba cha kufulia, na ninashukuru kwamba hukutukana. Umesema utazungumza naye mbele ya wote, kwa upole, umwonyeshe kosa lake. Kaka, upole wako hauna taabu. Wewe huna haja ya kukunja uso. Ukishasema wewe, wengine wanakuja kutekeleza kwa mikono yao, na wewe unaenda kulala.

Jumapili hiyo hakutakuwa na kikao cha simu. Nimebadilishana zamu na mwenzangu, nitakuwa kazini kuanzia asubuhi, na simu yangu itakuwa mfukoni mwangu, imezimwa. Ile ya Baba Mdogo ya tochi unajua haifiki huko. Wakitaka kumhukumu, wamtazame usoni, na wewe usiwepo kuwapa sauti ya Baba.

Sikuombi ukubali alichofanya. Una dini yako, nina yangu, naye ana yake, na siku ya kuulizwa kila mtu ataulizwa peke yake. Nakuomba kitu kimoja tu. Mwandikie Baba Mdogo kwa mkono wako, barua yako anaiheshimu kuliko hata dawa zake. Mwambie watoto wasiguswe, wabaki kwa mama yao. Ulikuwa na neno la kumwambia azae. Tafuta na hili. Kama huna, basi usiandike chochote, nitajua nimebaki na nani.

Nimeandika kwa ukali, na sifuti neno. Tulilala kitanda kimoja mimi na wewe mpaka ulipobalehe, kwa hiyo nina haki ya kukukanyaga kidogo.

Wifi msalimu sana, mwambie asipigwe na baridi. Watoto wabusu. Shangazi mguu wake umepata nafuu, hajui kama nakuandikia. Wapwa zako wanamsalimu Mjomba. Yule mkubwa ameniuliza kama wewe ni mtu au ni simu, nikamwambia ni mtu, ana mgongo unaouma na alikuwa akikimbia kuliko wote mtaani. Mungu akulinde huko ugenini, akuponye mgongo, akurudishe nyumbani siku moja ukiwa na miguu yako, si sauti peke yake.

Zimebaki salamu za Nukta. Baada ya ule ujumbe wako wa juzi ulituma mwingine mfupi, ukiniomba namba yake ya simu. Nilikaa nikautazama. Miaka yote hii, na hukuwa nayo. Jana jioni nilimkuta anakunja nguo za watoto, nikamwambia Kaka anaomba namba yako, je, nimpe au nisimpe. Aliweka chini gauni alilokuwa ameshika, akafikiri kwa muda mrefu, na mimi sikumharakisha. Kisha akasema nisikupe.

Basi sikupi.

Ndimi dada yako akufuataye kwa kuzaliwa,
ambaye bado anakupenda.